Maji ya Matanga

Dalali aliifungua friji bila kuomba ruhusa, akainama na kutazama ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatoa soda moja ya machungwa, akaing'oa kifuniko kwa meno na kunywa nusu yake kwa mkupuo.

"Inafanya kazi," alisema, akaandika kwenye karatasi yake. "Friji moja, milango miwili, inafanya kazi."

Phanice Nanzala alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake, mkono kiunoni. Soda ile ilikuwa ya shilingi hamsini. Kwa miaka minne alikuwa akiuza maji baridi, soda na maziwa ya mala yaliyoganda kwa watu wanaoshuka Voi wakiwa wamekaangwa na jua, na hakuna aliyewahi kunywa kwake akaondoka bila kulipa, hata askari. Alitaka kusema neno. Lakini mtu akija na karatasi ya korti huja na mdomo wa ziada, na wewe unajikuta umefunga wako.

"Una siku kumi na nne," dalali alisema. "Ukilipa elfu sabini na nane na mia tano, mimi hunioni tena. Usipolipa, narudi na pikapu."

"Sabini na nane za nini? Pikipiki si tulitengeneza? Elfu kumi na nne na mia tano, mbele ya naibu wa chifu, na Danson akatia sahihi!"

"Mama, hiyo ilikuwa ya fundi. Hii ni ya mapato aliyopoteza. Siku sitini, elfu moja na mia mbili kila siku. Ongeza gharama za kesi." Aliiweka chupa tupu juu ya kaunta kwa adabu kabisa. "Mimi sibishani na karatasi, naifuata tu."

Akaondoka na kumwacha Phanice akiitazama chupa ile. Siku sitini! Yeye mwenyewe hakumbuki mara ya mwisho kufanya kazi siku sitini mfululizo bila homa, bila mvua, bila kufiwa.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Tarehe nne mwezi wa pili, mumewe Wabwire alikuwa akitoka kwenye shamba la mkonge alikofanya kibarua, akisukuma mkokoteni uliojaa nguzo za mkonge, zile nyepesi ambazo watu hujengea majiko. Kwenye mteremko wa nyuma ya reli mkokoteni ulimponyoka. Haukugonga mtu, ashukuriwe Mungu. Uligonga pikipiki ya Danson Mwakio, jirani yao mwenye boda boda, iliyokuwa imeegeshwa nje ya duka, ukaipinda mguu wa mbele na kuvunja taa. Wabwire hakukana kosa. Walikaa mbele ya naibu wa chifu, wakakubaliana bei ya fundi, wakailipa kwa awamu mbili, wakapeana mikono. Kwa Phanice jambo lilikuwa limekwisha kwa jinsi mambo yanavyokwisha mtaani, watu wakirudia kusalimiana.

Kumbe Danson alikuwa akisalimia huku anashtaki.

*

Jioni Wabwire alikuwa hajavua hata kiatu cha pili mkewe aliposimama mbele yake.

"Baba Branice, kuna karatasi yoyote uliletewa kuhusu Danson?"

Wabwire alikuwa mtu wa maneno machache, na alipokuwa na kosa yalipungua zaidi. Alivua kiatu, akakung'uta mchanga, akakipanga karibu na mwenzake.

"Ilikuja moja. Mwezi wa nne."

"Iko wapi?"

"Niliipeleka kwa naibu wa chifu."

Phanice alikaa chini polepole. "Karatasi ya korti, ukaipeleka kwa naibu wa chifu."

"Ilikuwa na muhuri wa serikali. Nikasema serikali si ni moja? Nikamwambia, huyu Danson tulimalizana naye hapa mbele yako, kwa hivyo uwaambie hao wengine. Akasema atalitazama."

"Na akalitazama?"

"Sijui. Aliiweka kwa droo."

Tarehe ya kesi ilifika ikapita. Upande wa Danson ulikuwepo, upande wao haukuwepo, na mwamuzi wa madai madogo akaandika kile alichoombwa, kwa maana hakukuwa na mtu wa kusema siyo. Phanice alikuwa ameishi na Wabwire miaka kumi na tisa na alijua fika kuwa ni mtu mwema. Siku hiyo wema huo ulimkera kuliko ambavyo ubaya wa mtu mwingine ungemkera.

"Na mimi hukuniambia kwa nini?"

"Ulikuwa na mambo ya Kukhu bado. Sikutaka kukuongezea."

Kukhu alikuwa mamake Wabwire, ambaye mtaa mzima ulimwita hivyo, Wataita, Wakamba na wote, ingawa jina hilo la nyanya ni la kwao Waluhya tu. Alifariki mwezi huo huo wa pili, wakamsafirisha mpaka Busia kumzika, na deni la gari lililobeba mwili waliendelea kulilipa mpaka Pasaka. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, na ukweli wake ukampandisha Phanice hasira zaidi.

Aliingia jikoni akahesabu sufuria, si kwa sababu zimepotea. Friji ile aliinunua elfu arobaini na nane kwa mkopo wa chama cha akiba, na bado alikuwa anadaiwa elfu tisa. Karo ya mtoto wao Branice ilitoka ndani ya friji ile. Kodi ya nyumba pia. Ikichukuliwa, atabaki kuuza maji ya moto kwenye jua la Voi, na sijui ni kichaa gani angeyanunua.

*

Asubuhi alifunga kibanda akaenda kwa Sylus. Huyu alikuwa na kompyuta mbili, printa moja yenye kukwama, na sauti ya wakili ingawa hakuwahi kuwa wakili. Watu wote wa upande ule waliokuwa na kesi ndogo, barua ya kazi au malalamiko ya shamba waliandikiwa naye.

"Hii usiogope, Mama Branice," alisema akiisoma hukumu. "Tunaandika ombi ifunguliwe upya, kwa sababu hamkusikizwa. Ni mia tano."

Phanice alikuwa akitazama nakala ya madai ya Danson. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la duka na nambari ya simu.

"Sylus. Si ndiwe ulimwandikia Danson hii?"

"Mimi naandikia kila mtu," Sylus alisema bila hata kupepesa macho.

"Na siku sitini mlizitoa wapi?"

Sylus aliacha kuchapa. Alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Yeye alisema wiki mbili hivi. Mimi ndio nilimshauri. Korti hukata, mama. Ukiomba sitini utapewa ishirini. Sasa nani alijua hamtakuja? Hakukuwa na wa kukataa, hawakukata."

"Basi utakuja useme hivyo mbele ya mwamuzi."

"Nikiitwa huko nitasema sikumbuki," Sylus alisema, tena kwa upole, kama mtu anayemwonya rafiki yake. "Mia tano, na hamsini ya kuchapisha. Nakala ni tatu."

Phanice alilipa. Angefanyaje? Alikuwa anamlipa mtu yule yule kumtoa kwenye shimo alilomchimbia, na ikabidi aseme asante kwa sababu printa ilikwama na Sylus akahangaika nayo nusu saa.

Ombi lilikubaliwa, lakini kwa nusu. Suala la nani alikosa halikufunguliwa, maana Wabwire mwenyewe alikubali. Wangesikizwa juu ya mapato tu: siku ngapi, na shilingi ngapi. Wiki mbili, na dalali angoje. Waje na ushahidi.

Ushahidi! Mtaa mzima ulimwona Danson akibeba abiria mwezi wa pili na mwezi wa tatu. Phanice alikwenda kwa fundi. Fundi akasema yeye haandiki, pikipiki zikitengenezwa huondoka, hata yeye hutaka ziondoke. Alimwendea mama wa mboga aliyebebwa na Danson mpaka sokoni kila Jumanne. "Alinibeba, ndiyo," alisema yule mama, "lakini usinitaje. Nikishuka kortini nitarudi nyumbani na nani?" Wengine walimsikiza vizuri sana, wakamwonea huruma, wakanunua maji baridi kwa huruma hiyo, na hakuna hata mmoja aliyekubali kusimama.

*

Jibu lilimjia akiwa anaosha mitungi. Mabomba yalikuwa yamekauka siku ya tatu, naye alikuwa ametoka kununua maji ya mkokoteni, mtungi shilingi thelathini, akasema moyoni kwamba shida ya maji haijawahi kuwa kali hivi tangu matanga ya Kukhu. Akaacha kuosha.

Wiki ile ya matanga mabomba yalikuwa hayatoi hata tone. Watu walijaa uani kila jioni, chai haikosi, na maji ya chai yaliletwa na Danson. Kwa pikipiki.

Daftari lilikuwa juu ya kabati, la jalada la kijani, limezungushiwa selotepu. Lilikuwa daftari la mtaa. Mtu akifiwa, kila mchango huandikwa humo: jina, pesa au kitu, ili yakikufika na wewe ijulikane nani ulimsaidia na nani alikusaidia. Kwa miaka saba aliyelitunza ni Phanice, kwa sababu ana mwandiko safi na hali pesa ya watu. Mara moja tu hakuliandika yeye. Mfiwa hajiandikii matanga yake, kwa hivyo ya Kukhu yaliandikwa na Gertrude, mwalimu wa chekechea wa mlango wa tatu.

Phanice aliufungua ukurasa ule akiwa na mikono yenye maji.

*Danson Mwakio, maji, mitungi 8, pikipiki, 19/2.* Halafu tena 20/2. Tena 21/2. Kisha 23, 24 na 25. Jumamosi haikuwepo, maana Danson ni Msabato na siku hiyo hashiki usukani hata aitwe na chifu. Mitungi arobaini na minane. Phanice alikumbuka Gertrude akimwambia siku zile, akicheka kidogo katikati ya msiba, kwamba Danson hana pesa ya kuchanga na anaona haya, kwa hivyo kila jioni husimama mezani na kusema, "Niandike vizuri, na tarehe."

Alimwonyesha Wabwire alipofika tu. Alidhani atafurahi.

Wabwire alisoma, kidole kikifuata mistari, kisha akalifunga daftari. "Lirudishe ulipolitoa."

"Baba Branice, umeona tarehe? Pikipiki ilikuwa inatembea siku ya kumi na sita!"

"Nimeona."

"Sasa?"

"Mtu alikuja kumlilia mama yangu. Hakuwa na kitu, akabeba maji. Leo nimpeleke kortini kwa maji hayo?"

"Sisi hatujampeleka mtu kortini! Ni yeye aliyetupeleka!"

"Alidanganya kwa karatasi. Kwa matanga hakudanganya." Lilikuwa neno refu kwa Wabwire, na aliposema alionekana amechoka. "Friji tutanunua nyingine."

"Kwa pesa gani? Kwa mshahara gani, Wabwire?"

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Hakumwita kwa jina tupu zaidi ya mara mbili tangu waoane, na wala hakuwahi kuutaja mshahara wake kwa sauti ile. Wabwire alivaa viatu tena, akatoka, akaenda kukaa nje kwenye nguzo za mkonge ambazo hazijajengea jiko mpaka leo.

Phanice alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akawaza, akakata shauri. Ataenda na mambo mengine kwanza, yale ambayo hayahusu msiba. Daftari litakaa ndani ya mkoba. Huenda lisihitajike kutoka.

*

Siku ya kwanza Danson aliomba muda akatafute stakabadhi, kesi ikasogezwa. Kibanda kilikuwa kimefungwa bure. Siku ya pili Phanice alifunga tena, akavaa gauni la kanisani, na Wabwire akavaa koti lile lile alilomzikia mama yake, kwa sababu hakuwa na lingine.

Mwamuzi alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, mwepesi wa kuandika, ambaye alimwita kila mtu mama au mzee na hakumwachia yeyote aseme sana. Hapakuwa na mawakili. Danson alikaa upande wa pili, shati jeupe, mikono katikati ya magoti. Hakumtazama Phanice.

"Mama, unaruhusiwa kumuuliza maswali," mwamuzi alisema. "Kuhusu mapato tu."

Phanice alisimama.

"Danson, unasema kwa siku unapata elfu moja na mia mbili."

"Ndio, Mama Branice. Siku nzuri hata inapita."

"Petroli unanunua na nini?"

"Na hiyo hiyo."

"Ya ngapi?"

"Mia nne. Kama ni Maungu na kurudi, inaongezeka."

"Mimi nauza maziwa," Phanice alimgeukia mwamuzi. "Nikiuza ya elfu moja, na niliyanunua mia sita, siwezi kuja hapa niseme nimepata elfu moja. Ningekuwa tajiri. Pikipiki ikilala, petroli pia imelala."

Mwamuzi alitabasamu, akaandika. "Mia nane. Endelea."

"Danson, Jumamosi unafanya kazi?"

Watu wawili waliokaa nyuma wakingoja kesi zao walicheka, kwa sababu walimjua. Danson akatazama shati lake.

"Jumamosi niko kanisani."

"Kutoka tarehe nne mwezi wa pili mpaka tarehe nne mwezi wa nne kuna Jumamosi nane. Nimezihesabu kwa kalenda. Zote umetudai."

"Ni Sylus aliyeandika..."

"Madai ni yako, mzee, si ya aliyechapa," mwamuzi alisema. Alipiga hesabu kwa simu yake. "Sitini toa nane, hamsini na mbili. Kwa mia nane. Elfu arobaini na moja na mia sita." Aliinua kichwa. "Mama, una jingine?"

Arobaini na moja na mia sita. Ilikuwa imeshuka kwa elfu thelathini na kitu, na Phanice alisikia moyo ukimruka, kisha ukatua palepale ulipokuwa. Kiasi gani cha pesa kinachomshinda mtu kulipa ni kingi kuliko kingine? Hana arobaini kama asivyokuwa na sabini. Pikapu ya dalali ingekuja tu. Alimtazama Wabwire. Wabwire alikuwa akiitazama sakafu.

Phanice alifungua mkoba.

Danson alilitambua daftari kabla halijatoka lote. Uso ulimbadilika. Haikuwa hofu ya mtu aliyenaswa, na hilo ndilo Phanice hakulisahau baadaye. Alionekana kama mtu aliyepewa zawadi, kisha akaona aliyempa anairudia kuichukua.

"Hili ni daftari la matanga ya mtaa," Phanice alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu ya mwanzo. "Hapa ni ya mama mkwe wangu. Siyo mwandiko wangu."

Mwamuzi alisoma. Alisoma mara mbili. Akamwita Danson mbele na kumwonyesha.

"Haya ni kweli, mzee?"

Danson angeweza kusema aliazima pikipiki. Phanice alikuwa amejiandaa kwa hilo, na rohoni karibu alimwombea aseme hivyo.

"Ni kweli," Danson alisema. "Nilibeba mimi."

"Kwa pikipiki hii?"

"Kwa hii hii. Fundi alinipa siku hiyo hiyo, tarehe kumi na tisa. Sikuwa na pesa ya kuchanga. Kukhu alikuwa akinipa uji nikiwa sijapata abiria. Nikasema kazi ya kwanza ya pikipiki iwe hiyo."

Hakuna aliyecheka. Mwamuzi alivua miwani, akaivaa, akasoma uamuzi kwa haraka. Kutoka tarehe nne mpaka kumi na nane ni siku kumi na tano. Ukitoa Jumamosi mbili, zinabaki kumi na tatu. Mapato yaliyopotea ni elfu kumi na mia nne. Kila upande ujilipie gharama zake. Walipe kwa miezi miwili.

"Na siku zangu?" Phanice aliuliza. Lilimtoka tu. "Nimefunga kibanda siku sita kwa ajili ya kesi hii. Nani atanilipa mapato yangu?"

"Hukudai, mama," mwamuzi alisema, na hakuwa na ubaya. "Siwezi kukupa usichodai. Kesi inayofuata."

Nje, Danson aliwasubiri penye geti. Wabwire alimpa mkono, naye akaupokea. Kwa Phanice hakunyoosha wake.

"Mama Branice, ungeniambia tu. Ungenijia nyumbani na hilo daftari ukaniambia, Danson, umekosa. Ningekata mwenyewe."

"Na wewe ulipoenda kwa Sylus uliniambia?"

"Nilikuwa na mkopo wa pikipiki. Walikuwa wananipigia simu kila asubuhi."

"Kwani mimi hawanipigii?"

Walisimama wakitazamana, kila mmoja na haki yake nusu, na nusu ile ikawaudhi wote wawili kuliko kukosa haki kabisa. Danson alivaa kofia ya pikipiki, akaondoka. Friji ilikuwa imepona. Phanice alijiambia hivyo njia nzima.

*

Mwezi wa nane alifariki mzee Khaemba, aliyestaafu reli, mumewe Tryphena wa nyumba ya kona. Jioni ya kwanza viti vilipangwa uani, meza ikawekwa karibu na mlango, na Phanice akakaa hapo kama kawaida na daftari lake, beseni la pesa likiwa kando.

Wa kwanza alikuwa mama wa mboga. Alitia mia mbili ndani ya beseni.

"Asante, mama. Mia mbili," Phanice alisema, akiandika herufi ya kwanza.

"Ah, mimi usiniandike. Mungu ameona."

Phanice alifuta. Wa pili alikuwa fundi wa pikipiki, mia tano. "Usiniandike, Mama Branice." Wa tatu alileta kilo mbili za sukari, akaziweka mezani na kuondoka kabla hajaulizwa. Watu hawakuwa wakali. Walimsalimia, walimwuliza habari za Branice, mmoja hata alimpa kikombe cha chai. Lakini kila alipoinamisha kalamu, mkono ulitokea mahali na kutikisika, hapana, hapana, usijisumbue.

Gertrude ndiye alikuja wa mwisho mwisho. Gertrude, aliyeandika ukurasa ule mwenyewe.

"Hata wewe, mwalimu?"

"Si kwa ubaya," Gertrude alisema, macho yakiwa kwenye beseni. "Ni vile mtu hajui. Leo nimeandikwa niko hapa saa kumi na moja, kesho mkuu wa shule anauliza nilitoka kazini saa ngapi."

"Nani atamwambia? Mimi?"

Gertrude alikunja noti mara nne, akaitia katikati ya zingine ili isijulikane ni ya nani.

Beseni lilijaa na ukurasa ukabaki mtupu. Tryphena, kitambaa kichwani, alimtazama kutoka ndani kupitia mlango uliokuwa wazi. Atajuaje yeye wa kumrudishia? Akifiwa mwenzake kesho, atapeleka ngapi, kwa nani? Phanice alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani, kwa sababu kila aliyemfikiria alikuwa na sababu.

Ndipo akasikia magurudumu. Mkokoteni ulikuwa unaingia uani, mitungi minane imefungwa kwa kamba ya mkonge, na aliyeusukuma alikuwa Danson, shati limemganda mgongoni. Kutoka penye maji mpaka pale ni kilomita mbili, na nusu yake ni mlima. Pikipiki yake ilikuwa nyumbani, nzima, na tangi lina petroli. Mkokoteni ulikuwa wa Wabwire. Wabwire alikuwa ameuazimisha asubuhi, na hakumwambia mkewe.

Danson aliteremsha mitungi mmoja mmoja, akaipanga karibu na jiko. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaja mezani.

"Andika, Mama Branice."

"Danson, si lazima..."

"Andika. Danson Mwakio, maji, mitungi minane." Alingoja kalamu ya Phanice ifike. "Kwa mkokoteni."

Phanice aliandika.

"Na tarehe."

Aliandika tarehe. Danson aliligeuza daftari upande wake, akausoma mstari ule taratibu mpaka mwisho, akalirudisha, kisha akaingia ndani kumpa Tryphena pole. Lilikuwa jina la pekee katika ukurasa wote.